Kuvuta Umeme wa Oveni Jikoni: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wakazi wa Mwanza

Mimi ni fundi umeme, na kazi zangu nyingi ziko kati ya Igoma, Buhongwa, Nyegezi na Pasiansi. Simu ninazopigiwa kuhusu oveni hufanana sana: "Fundi, jiko limefika, njoo ulichomeke." Nikifika nakuta ukuta umeshapigwa lipu, vigae vimebandikwa, kabati zimefungwa, na mahali pa oveni hakuna hata paipu moja ya waya. Hapo kinachobaki ni kutindua ukuta mpya au kupitisha waya juu juu kwenye chaneli, na mwenye nyumba anaumia moyo. Nimekusanya hapa maswali ninayoulizwa zaidi, nikitumaini yatakufikia kabla fundi ujenzi hajamaliza kazi yake.

Nyumba yangu ipo kwenye lenta. Nianzie wapi?

Anzia mgongoni mwa oveni. Kama bado hujainunua, nenda dukani na simu yako upige picha kibati kilichobandikwa nyuma au pembeni mwa mlango. Kibati hicho kinataja volti na wati. Umeme wetu wa nyumbani ni volti 230, kwa hiyo chukua wati ugawe kwa 230, utapata ampea. Oveni ya wati 2,000 inavuta ampea 8.7. Ya wati 3,200 inavuta karibu 14. Jiko kubwa la umeme mtupu, lenye pleti nne na oveni, linaweza kufika wati 9,200, ambazo ni ampea 40 zikiwashwa zote kwa pamoja.

Namba hiyo ndiyo itakayokuambia ukubwa wa waya, ukubwa wa breka, na kama plagi ya kawaida inafaa au haifai. Fundi anayekuja kuvuta umeme bila kuiuliza anakisia.

Nina ombi moja kwa anayejenga sasa: hata kama oveni utainunua baada ya miaka mitatu, laza paipu yake leo, kutoka DB (lile boksi la breka za nyumba) moja kwa moja hadi jikoni, bila kupita kwenye soketi nyingine. Paipu tupu ni gharama ndogo sana ukilinganisha na kubomoa vigae.

Jiko langu ni la gesi na umeme, limekuja na plagi ya pini mbili nene za mviringo. Nitumie adapta, au nikate niweke plagi yetu ya pini tatu?

Hili ndilo swali linalonisumbua kuliko yote, kwa sababu majiko haya yamejaa mjini: pleti tatu za gesi, moja ya umeme, chini oveni ya umeme. Plagi ile ya mviringo imetengenezwa kubeba ampea 16. Yetu ya pini tatu za bapa inabeba 13, na ndani yake mna fyuzi. Ampea 13 kwa volti 230 ni karibu wati 3,000. Sasa jumlisha mwenyewe: oveni wati 2,300, pleti ya umeme wati 1,500. Umefika 3,800, na hujawasha grili.

Adapta za bei nafuu zina ubaya mwingine. Nyingi hushika pini mbili tu, na kile kipande cha ethi, yaani njia ya kupeleka ardhini umeme unaovuja, kilicho pembeni mwa plagi ya mviringo hakigusi kitu. Jiko linawaka vizuri, keki zinaiva, lakini bodi nzima ya chuma haina ethi. Siku waya wa ndani ukichubuka, anayeshika mpini wa mlango akiwa pekupeku kwenye sakafu yenye maji ndiye atakayekuwa ethi.

Nimefungua soketi za namna hii ambazo plastiki yake ilikuwa imegeuka rangi ya chai na waya wa nyuma umekauka kama ukuni. Mwenye nyumba anasema, "Lakini ilikuwa haijazima." Ni kweli. Soketi haizimi inapoanza kuungua. Inapata moto polepole, skrubu zinalegea, na zikilegea moto unaongezeka.

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba usitumie adapta, na usikate plagi uweke ya 13 kama jumla ya wati inazidi 3,000. Jiko lipewe waya wake kutoka DB, swichi yake ya kuzima laivu (waya unaoleta umeme) na nyutro (unaorudisha) kwa pamoja, na sehemu ya kuungia waya nyuma ya jiko bila plagi kabisa. Ekstensheni ndiyo usiiguse kwa oveni ya aina yoyote. Ni ya kuchajia simu na kuwashia redio.

Je, ile oveni ndogo ya kuweka juu ya kaunta?

Hiyo ya wati 1,200 hadi 2,000 ichomeke kwenye soketi nzima ya ukutani, peke yake. Usiweke birika la umeme kwenye soketi pacha yake na kuviwasha pamoja.

Umesema jiko la pleti nne na oveni linavuta ampea 40. Mbona mafundi wengine wanaweka breka ya 32? Wanakosea?

Hawakosei. Oveni na pleti zina kidhibiti joto. Zikifika moto uliotaka zinazima, zikipoa zinawaka tena. Ni nadra vyote vivute kwa wakati mmoja. Ndiyo maana kwa jiko la nyumbani mafundi hutumia kanuni hii: chukua ampea 10 za kwanza zote, kisha asilimia 30 ya zinazobaki, halafu ongeza 5 kama swichi ya jiko ina soketi pembeni yake.

Kwa jiko letu la ampea 40: kumi za mwanzo, na asilimia 30 ya thelathini zinazobaki ni 9. Jumla 19. Ukiongeza 5 za soketi unapata 24. Breka ya 32 inatosha, na waya wa 6 unatosha pia, ila soma jibu linalofuata kabla hujaenda dukani.

Kanuni hii ni ya nyumbani tu. Kama unaoka mikate ya kuuza kuanzia saa kumi alfajiri, oveni mbili zikiwa moto muda wote, hesabu mzigo wote kama ulivyo.

Waya wa 2.5, wa 4 au wa 6?

Namba hizo ni milimita za mraba za shaba. Waya za shaba zenye ganda la PVC, zikiwa ndani ya paipu ukutani kwenye joto la nyuzi 30, hubeba hivi: wa 2.5 ampea 24, wa 4 ampea 32, wa 6 ampea 41, wa 10 ampea 57. Kwa oveni ya kujengea kabatini isiyozidi wati 3,500 mimi navuta waya wa 4 na breka ya 20. Kwa jiko zima la umeme, wa 6 na breka ya 32.

Lakini hapa kwetu waya nyingi hupita darini, na juu ya dari kuna mabati. Panda darini saa nane mchana, siku isiyo na wingu, utaelewa ninachosema. Joto la darini likifika nyuzi 50, uwezo wa waya unashuka hadi asilimia 71. Wa 6 uliokuwa unabeba 41 sasa unabeba 29, na breka yako ni ya 32. Maana yake waya utaumia kabla breka haijashtuka. Hapo chagua moja: weka waya wa 10, au pitisha paipu ukutani na sakafuni badala ya darini. Mimi napenda njia ya pili pale inapowezekana, kwa kuwa panya nao hawafiki huko.

Paipu iende wima au mlalo kutoka kwenye swichi, isikate kona kwa kona. Mtu atakayekuja kutoboa ukuta atundike kabati atakisia waya ulipo kwa kuangalia swichi, na ukikatiza mshazari umemtega.

Nyumba yangu iko juu ya mawe, ethi rodi haiingii. Fundi amesema si lazima. Ni kweli?

Si kweli, na kwa oveni ni hatari kuliko kwa taa. Oveni ni sanduku la chuma linaloshikwa kwa mikono yenye maji.

Mwanza ni mji wa mawe, kila mtu anajua. Isamilo, Mabatini, Igogo, Bugando, kuna viwanja ambavyo ukichimba futi moja jembe linalia. Nyumba moja ya mlimani niliitwa kwa sababu mama alikuwa anahisi "vitu vinatambaa" vidoleni kila akigusa jiko. Nilifukua ethi. Nilikuta rodi imekatwa kwa msumeno, kimebaki kipande kisichozidi kiganja, kimefukiwa kwenye kifusi na kuwekewa kifuniko kizuri cha zege. Aliyekifanya alijua mwenye nyumba hatafukua. Jambo hilo lilinikasirisha na linanikasirisha hadi leo, maana yule mama alikuwa na watoto wadogo.

Tufanye hesabu. Tuseme ethi yako ina ukinzani wa omu 100. Waya wa laivu ukigusa bodi ya oveni, umeme utakaokwenda ardhini ni 230 gawanya kwa 100, yaani ampea 2.3. Breka ya 32 haishtuki kwa ampea 2.3. Oveni itakaa na umeme kwenye bodi asubuhi hadi jioni. Ndiyo sababu lazima uwe na RCD, kile kifaa chenye kitufe kidogo cha kujaribia, cha miliampea 30. Chenyewe hulinganisha umeme unaokwenda na unaorudi, kikiona tofauti kinakata mara moja. Lakini nacho kinahitaji ethi, vinginevyo kitasubiri mpaka umeme upate njia kupitia mwili wa mtu.

Mwamba ukikataa rodi ya wima, yapo haya ya kufanya. Zunguka kiwanja utafute mfuko wa udongo. Pale migomba inapostawi huwa pana unyevu, na waya wa ethi unaweza kusafiri hadi hapo. Chimba mtaro wa nusu mita au zaidi, laza utepe wa shaba kwa ulalo, ufukie kwa udongo laini na si kwa kokoto. Au weka rodi fupi kadhaa zilizoachana kwa umbali usiopungua urefu wa rodi moja, uziunge pamoja. Bentonaiti, ule udongo unaoshika maji, husaidia sana kuzunguka shaba. Chumvi na mkaa watu wanavitumia, ila chumvi huoshwa na mvua na hula chuma, kwa hiyo usiitegemee.

Kisha ethi ipimwe kwa kipimo chake, namba iandikwe, uoneshwe. Mimi nataka isizidi omu 200 hata penye mawe, na nikipata chini ya hapo nafurahi. Pima kiangazi, udongo ukiwa mkavu. Namba ya Aprili, baada ya mvua, inadanganya.

Oveni ilikaa miezi mingi bila kutumika. Sasa nikiiwasha RCD inakata. Imeharibika?

Huenda haijaharibika. Ndani ya koili ya oveni, ile sehemu inayotoa moto, mna unga mweupe unaotenganisha waya wa moto na ganda la chuma, na unga huo unafyonza unyevu wa hewani. Nyumba za karibu na ziwa, Capri Point kwa mfano, nimeliona hili mara nyingi. Umeme kidogo unavuja kupitia unyevu huo na RCD inafanya kazi yake.

Mwite fundi apime koili kwa mega, kipimo cha kuona kama umeme unavuja, ya volti 500. Ikisoma chini ya megaomu 1, koili ikaushwe au ibadilishwe. Usimruhusu mtu yeyote airuke RCD "kwa muda tu ili ikauke." Ni katika muda huo ndipo watu huumia.

Swichi ya jiko ikae wapi?

Ikae pembeni, ndani ya mita mbili kutoka kwenye jiko, mahali unapofika bila kupitisha mkono juu ya sufuria. Mafuta yakishika moto unahitaji kuizima huku umerudi nyuma. Isiwe nyuma ya jiko, isiwe juu yake, wala isiwe ndani ya kabati lililojaa vyungu. Iwe mbali na bomba la sinki.

Kama una mtungi wa gesi jikoni, kumbuka gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja inalala sakafuni. Soketi au kiungio cha chini kabisa, kilichokaa ubavuni mwa mtungi, hakifai. Mtungi ukae upande mmoja, umeme upande mwingine.

Jioni keki hazipandi vizuri na oveni inachelewa kupata moto. Nibadilishe koili?

Kwanza pima umeme. Koili hupoteza nguvu haraka volti zikishuka, kwa sababu nguvu inafuata mraba wa volti. Oveni ya wati 3,000 ikipewa volti 200 badala ya 230 inatoa karibu wati 2,270. Robo ya moto imepotea, na mpishi analaumu hamira.

Pima mara mbili: kwenye meni swichi na kwenye oveni, jiko likiwa linawaka. Kama meni ina 225 na oveni ina 210, tatizo ni waya wako, mwembamba au una kiungio kilicholegea njiani. Kama meni yenyewe ina 200, hapo ni suala la TANESCO, ripoti. Mita na lakiri yake usiziguse, wewe wala fundi wako.

Breka inakata kila nikipika. Niweke kubwa zaidi?

Hapana. Breka inalinda waya uliozikwa ukutani, na waya haukui kwa kubadilisha breka. Tafuta sababu.

LUKU itaniisha haraka?

Oveni ya wati 2,500 ikiwa moto kwa saa moja mara nyingi haili yuniti 2.5 kamili, kwa kuwa inazima na kuwaka. Kisia yuniti moja na nusu. Sato wa kuoka Jumapili hatakufilisi. Anayeoka keki za kuuza saa mbili kila siku anakaribia yuniti 90 kwa mwezi kwa oveni peke yake, na kama upo kwenye kundi la matumizi madogo, ambalo nafuu yake inaishia yuniti 75, panga bei ya keki zako ukilijua hilo. Chukua risiti yako ya LUKU, gawa fedha uliyolipa kwa yuniti ulizopata, ndiyo bei yako halisi.

Na radi je?

Anayeishi ufukweni hahitaji kuelezwa kuhusu radi za usiku wa manane zinazotoka ziwani. Oveni za zamani za vitasa vitupu huvumilia. Za kioo cha kugusa na saa ya dijitali zina bodi ya elektroniki, na hiyo ndiyo hufa kwanza. Weka kinga ya mishtuko ya umeme kwenye DB, iungwe na ethi kwa waya mfupi ulionyooka. Ukisikia ngurumo inakaribia, zima swichi ya jiko.

Ninapanga. Naweza kuvuta umeme wa oveni?

Kwa ridhaa ya mwenye nyumba, na ikiwezekana kwa maandishi. Kama LUKU ni ya pamoja, ongea na wapangaji wenzako kabla. La sivyo nunua ile ndogo ya kaunta.

Nitajuaje kama waya ni wa kweli na fundi ni wa kweli?

Waya wa 6 wa kweli kwa kawaida una nyuzi saba, kila moja unene wa zaidi kidogo ya milimita moja. Kwangua uzi mmoja kwa kisu. Ukiona weupe chini ya wekundu, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba, irudishe. Tafuta alama ya TBS na ukubwa ulioandikwa kwenye ganda. Roli jepesi kuliko mwenzake wa ukubwa uleule lina neno.

Fundi mwombe leseni ya EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji. Anayeistahili haoni haya kuionesha. Muulize pia kama ana mega na kipimo cha ethi. Mwenye tesita ya kalamu peke yake anaweza kukuwashia oveni, lakini hawezi kukuhakikishia kwamba ni salama.

Siku ya kwanza ya kuwasha nifanye nini?

Bonyeza kitufe cha RCD, kikikata, rudisha. Toa karatasi na plastiki zote ndani ya oveni. Fungua madirisha, iwashe tupu kwa nyuzi 200 kwa nusu saa. Harufu ya mafuta ya kiwandani itatoka na kuisha. Wakati huo weka kiganja kwenye kifuniko cha swichi ya jiko. Uvuguvugu si neno. Kikiwa cha moto, zima na umwite fundi siku hiyohiyo.

Mwezi mmoja baadaye, breka ikiwa imezimwa na umepima kuhakikisha hakuna umeme, fundi afungue swichi na kiungio cha nyuma ya jiko akaze skrubu zote tena. Shaba hulegea kidogo kwa kupata moto na kupoa. Mimi kazi hiyo ya kurudi naihesabu ndani ya bei ya mwanzo, na nawe mdai fundi wako aiweke.